Kijiwe cha Sikio

Samaki ana vijiwe sikioni,
vyeupe, vidogo, mfano wa chenga za mchele.
Kila mwaka kijiwe huvaa pete moja:
mwaka wa shibe, pete pana;
mwaka wa njaa, uzi.

Hilo nilifundishwa nikiwa na miaka ishirini.
Mama alikuwa amekwisha kuvikata vichwa hivyo
miaka kumi na tisa, kiwandani Talcahuano,
meza ya tatu, karibu na mlango wa barafu,
akiitupa kwenye pipa la buluu
kalenda nzima ya bahari.

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua
profesa huandikiwaje barua,
wala kwamba "pita ofisini wakati wowote"
si wakati wowote.
Fomu ya ufadhili iliuliza: elimu ya mama?
Visanduku vinne. Hakuna kilichosema:
humtambua kwa kidole samaki wa juzi na wa leo.
Nikatia alama kwenye cha kwanza
mpaka karatasi ikatoboka.

Nikaalikwa mkutanoni, Lima.
"Lipa kwanza, utarudishiwa," alisema karani,
kama mtu asemaye vuta kiti ukae.
Wanawake wa meza ya tatu wakachanga,
Nolfa, Rudecinda,
hata Mirta asiyempenda mtu.
Noti zilinuka. Mama akazianika juu ya jiko
karani asijue zilikotoka.
Zilirudi baada ya miezi saba.
Mirta alikuwa amestaafu; akazihesabu mara mbili.

Kule Lima nilisimama kando ya bango langu
kwa viatu vya binamu, pamba imejaa nchani.
Mzee mmoja mwenye kitambulisho cha dhahabu akauliza:
"Baba yako naye ni mwanabiolojia?"
Nikajibu ndiyo.
Baba alikuwa akikwangua kutu kwenye meli,
na siku hiyo hiyo alikuwa kazini.
Nikikatwa leo, nikatazamwa kwa lenzi,
uongo huo utaonekana: uzi mwembamba, mweusi.

Sikio halipiti kichwa, husemwa.
Lakini kichwa kilikwenda pipani
na sikio likaenda chuo kikuu,
na kwa muda mrefu sikujua
nimwambie nini mama mezani,
yeye mikono imepasuka kwa chumvi,
mimi nikilipwa kutazama alichokitupa.

Jumapili moja nikampeleka maabara.
Hakutaka kukaa. Aliweka mikono nyuma,
kana kwamba vioo vingemtoza ada.
Nikamshawishi ainame kwenye hadubini.
Akanyamaza sana.
"Huu uzi hapa, mwaka gani?"
Nikamtajia. Nikamwambia uzi huo
umo katika vijiwe vyote vya mwaka ule,
na miezi mitatu nimetafuta sababu:
joto la maji, mikondo, pepo, hakuna.

"Mwaka ule," akasema, jicho bado kwenye lenzi,
"kisu kiligonga mfupa kabla hujasukuma.
Matumboni hamkuwa na uduvi.
Mlikuwa na watoto wao wenyewe.
Tulimwambia msimamizi.
Akasema kazi yetu ni minofu."

Nikatafuta kalamu. Mikono ilinitetemeka
hata nikaandika kwenye glovu.

Makala ilipokwenda kwa wahakiki, mmoja akauliza:
E. Catrileo ni nani? Wa taasisi gani?
Nilikaa na swali hilo usiku kucha.
Kisha nikajibu: Kiwanda cha minofu, meza ya tatu,
miaka thelathini na mmoja ya uchunguzi usiokatika.
Hakuuliza tena.

Nilimletea mama nakala, nikamwonyesha ukurasa wa tisa.
Alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena,
akaweka kucha chini ya jina.
"Mbona wameandika E tu?" akasema.
"Nimekata samaki kwa jina zima."