Kicheko Kimoja

Picha ilipigwa Jumanne, saa nne kasorobo usiku,
darasa la ziada, ghorofa ya tatu, mjini Daegu:
Gyuri kalala juu ya kitabu cha hesabu,
mdomo wazi, ute umechora ramani ukurasani.
Chaerin akaiandikia neno moja tu: Chewa.

Tulikuwa ishirini na tatu kundini.
Samaki wakamiminika, mmoja mmoja, kisha wavu mzima.
Mtu akambandika mapezi. Mtu akamtajia bei kwa kilo.
Mimi niliweka kicheko kimoja,
kile cha manjano chenye machozi,
nikaendelea kupiga mswaki.

Gyuri akatoka kundini.
Wakamrudisha.
Akatoka.
Wakamrudisha.
Sijui kama umewahi kuona mlango wa namna hiyo,
usio na komeo kwa ndani.

Alhamisi chakula cha shule kilikuwa supu ya samaki.
Hakuna aliyesema kitu. Meza nzima ilimtazama kijiko.
Akakilaza taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto,
akanywa maji, akanywa tena maji.

Muuguzi wa shule aliandika: tumbo.
Wiki iliyofuata: kichwa.
Fomu yake haikuwa na nafasi
ya kuandika saa nane za usiku,
simu ikitetema chini ya mto
na mwenye mto akihesabu mitetemo.

Kisha kiti kikawa kitupu. Siku nne. Siku tisa.
Mwalimu Ok aliruka jina lake bila kuinua macho.
Nami nikajitetea kwa hesabu, somo ninaloliweza:
ujumbe mia nne na kumi na mbili,
changu kimoja.
Kimoja kati ya mia nne na kumi na mbili ni nini?
Haba na haba, tulifunzwa, hujaza kibaba.
Kibaba kilijaa.
Haba yangu imo.

Jumamosi nilipanda hadi ghorofa ya kumi na nne
na mfuko wa machenza, theluji begani.
Mama yake alifungua, mikono inanuka sabuni ya dobi.
Akaniuliza mimi ni nani.
Nikataja jina. Nikataja na kicheko.
Alinyamaza hata taa ya korido ikajizima yenyewe.

Halafu, kutoka chumba cha ndani, sauti kavu:
"Avue viatu."

Nikainama.
Vidole vile vile, vyepesi wa kucheka,
vikashindwa na kamba.