Mche Mmoja wa Sabuni

Redio ya Bwambale, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
iliuliza asubuhi, kabla betri hazijalegea:
tukio lipi, tangu binadamu awe binadamu,
limeyazidi yote kwa uzito?
Atakayejibu vyema, mche mmoja wa sabuni.

Basi kazi ikaenda kombo ziwani Katwe.
Wanaume wamezama hadi kiunoni katika maji makali,
wanabandua chumvi ya mwamba kwa mitaimbo,
na bado wanabishana.
"Moto," akasema Baluku. "Aliyeuwasha wa kwanza
ndiye aliyetutenga na nyani. Nimemaliza."
"Moto hata radi huuwasha," akajibu Thembo,
aliyefundisha darasa la sita mpaka mshahara ukamkimbiza.
"Sema maandishi. Bila hayo ungelijuaje deni lako dukani?"
"Ningefurahi kutolijua!"
Tukacheka mpaka maji yakaturukia machoni,
na maji ya hapa si ya kuingia machoni.

Kule akaleta ndui, jinsi ilivyofutwa duniani,
maana babu yake alizikwa na uso kama ganda la fenesi.
Mwingine akasema mwezi, mtu kuukanyaga mwezi.
Akaulizwa, walirudi na nini huko?
"Mawe."
"Mawe! Sisi tunayabeba kila siku na hatutangazwi."

Mimi ni karani wa mizani.
Chini ya idadi ya magunia niliyaandika majibu yao:
moto, kalamu, ndui, mawe ya mwezi.
Langu sikuwa nalo. Nimezoea kupima kilicholetwa.

Kabugho alikuwa anakwangua chumvi kidimbwini mwake,
ametupa mgongo, nikidhani hasikii.
"Usiku ule Nyamwamba uliposhuka na majabali," akasema.
"Andika huo."
Thembo akakohoa, akatoa ile sauti ya ubaoni:
"Mama, swali ni la historia ya wanadamu."
"Na mimi je? Ni mbuzi?"

Mtaimbo mmoja uligonga mwamba, kisha nao ukanyamaza.
Nyumba ile ililaza watu watano.
Kulipokucha alihesabiwa mmoja,
akapewa blanketi la kijivu lenye namba.
Haya tulikuwa tunayajua, sote,
kama mtu anavyojua bei ya chumvi ya mwaka jana.
Nikamwuliza tarehe.
Akanitajia, na saa.

Ndipo Bwambale akatazama ng'ambo, upande wa Kongo,
akapiga ukelele wa neno moja,
na hapa kwetu neno hilo halijibiwi kwa hoja.
Mvua ya nusu saa
huirudisha kazi ya wiki tatu kuwa maji.
Tukakimbia: mabeseni, turubai, leso, shati la Kule,
Thembo kwa magoti akizoa kwa viganja
kama mtu aliyemwaga unga wa wageni.
Sijui ni nani aliyeamua tuanze na kidimbwi cha Kabugho.
Hatukupiga kura.
Vingine viwili vilituponyoka, kimoja chake Baluku.

Baadaye, chini ya bati la mizani, tumelowa chapachapa,
nililifungua daftari nikakuta ziwa la buluu:
magunia na miezi na radi vimechanganyika,
hesabu ya leo itabidi niiombe kwa wenyewe.
Saa tu ndiyo iliyosalia inasomeka,
saa nane na robo usiku.
Sikuionyesha.

Kabugho akakamua leso yake, tone kwa tone, nje ya kizingiti.
"Hiyo sabuni," akauliza, "ni ya kufulia au ya kuogea?"
Hakuna aliyekuwa amesikiliza vizuri.
Baluku amechutama pembeni na kiberiti kilicholoa,
njiti ya tatu, ya nne,
sigara yenyewe imepinda mdomoni.
"Msinitazame hivyo," akasema. "Bado nasema ni moto."