Wa Tano

Mabeki wa kati wanatakiwa wanne.
Wanne wapo: nahodha,
yule Mghana wa mkataba mnono,
na mapacha wa Kigoma wasiougua hata mafua.
Mimi ni mfua jezi, hesabu siulizwi,
ila beseni langu linajua nani anacheza:
jezi ya Ndahani huacha maji meupe.

Kijana wa Chamwino, miaka kumi na tisa.
Akiruka kichwa, utadhani anagombana na jua.
Mguu wa kushoto, adimu huku kama mvua ya Julai.
Pasi zake, hapana, tusidanganyane,
zinamfikia adui na salamu juu.

Jumanne nahodha alishika paja.
Hakuna aliyesema kitu. Niliona mimi,
akaona Ndahani, akainama
akafunga upya kamba za kiatu
ambazo hazikuwa zimefunguka.
Mtu aombeje namba
bila kumwombea mwenzake jeraha?

Orodha inabandikwa Ijumaa, mlangoni kwa meneja.
Mama yake kapiga simu, yuko kwenye zabibu za watu:
"Wamekupa?"
"Bado wanahesabu, mama."
Kisha wakazungumza habari za mbuzi, muda mrefu.

Upepo wa Dodoma hukausha upesi
na hutia vumbi upesi vilevile.
Nimeanua. Moja haina jina mgongoni,
thelathini na tatu, bega limefumuka.
Sijatumwa.
Nimelamba ncha ya uzi, nikatunga sindano,
nimeshona mara mbili
pale washambuliaji wanapopenda kuvuta.