Zuio

Kundaeli alipaka kibao cha duka langu, Kiborloni,
siku mbili juu ya ngazi ya kuazima:
herufi za kijani, na jogoo ambaye sikumwagiza.
Tulipatana laki mbili.
Nikamhesabia laki na tisini.

"Na kumi?"

Ya zuio, nikasema. Inakwenda serikalini kwa jina lako.
"Serikali inanijulia wapi?"
Kweli, hana namba ya mlipakodi.
Ana ya simu, kaiandika kwa brashi
kila ukuta toka hapa hadi Mbuyuni.

Usiku nikakaa na fomu.
Mpokeaji wa malipo ni nani?
Vyumba tisa vya tarakimu, vitupu.
Hakuna pa kuandika ngazi,
wala jogoo.

Kulipokucha nikafunga duka, tukaenda wote.
Foleni, viti vya plastiki, feni isiyozunguka.
Mashine ikakikataa kidole chake mara tatu,
rangi imeziba mistari.
Mlinzi akaleta tambara na mafuta ya taa.
Akasugua, akasugua,
na chini ya kijani, polepole,
Kundaeli akaanza kuonekana.