Chupa ya Mwaka wa Ugomvi

Mwaka ule, Bairrada, mvua iligoma kukatika,
zabibu zikachumwa na matope,
na Deolinda akaacha kusemezana na dada yake
kisa ukuta wa shamba.

Mvinyo ulitoka zambarau, mkali,
wenye ukakasi wa kukaza ufizi.
Hermínio akatema: huu haunyweki, ulazeni.

Ukalala.
Gizani rangi ikachujuka, ikaelekea tofali;
ukali ukashikana na ukali
ukazama, ukawa mashapo.

Leo kizibo kimetoka vipande vipande.
Harufu ya majani makavu, ngozi, uyoga,
na kwa mbali, tunda lile lile.
Deolinda anamimina polepole
asitibue kilichotulia.

Glasi mbili.
Moja ya Hermínio.
Nyingine anaibeba nje, hadi ukutani,
akichunga isimwagike.