Mdomo kwa Sikio

Mashine mbili juu ya meza moja, Kajaani,
saa tisa na robo usiku,
theluji imeziba dirisha hadi kwenye komeo.
Moja ni mgonjwa. Nyingine imeletwa kumsikiliza.

Mgonjwa huyu ndiye huongoza msumeno wa kiwanda cha mbao.
Mara tatu wiki hii amezimika katikati ya gogo,
bila ukelele, bila hata mstari mmoja wa wosia,
skrini nyeusi, feni ikizunguka kana kwamba hakuna msiba.
Kumbukumbu zake tumezisoma zote.
Afaye ghafla haagi.

Hilkka akavuta droo ya chini kabisa,
akatoa waya wa kijivu, mgumu kama kamba iliyoganda barafu,
pini tisa huku, pini tisa kule.
"Huu umekuzidi umri," akaniambia.
Nikauchomeka. Nikakaza skrubu kwa kucha.

Kimya.

Kahawa ikapoa, tukainywa hivyo hivyo.
Kisha Hilkka akachekea puani:
waya ulikuwa umenyooka,
mdomo wa huyu umebanwa kwenye mdomo wa yule,
sikio limebandikwa kwenye sikio,
kama kikao chetu cha kila Jumatatu.
Akawasha chuma cha kulehemu.
Ukapanda moshi wenye harufu ya utomvu wa msonobari,
harufu ileile ya kiwandani.
Ya pili akaihamishia kwa ya tatu, ya tatu kwa ya pili.
Ya tano akaiacha palepale. Hiyo ni ardhi,
na ardhi, akasema, hatugombani nayo.

Sasa yakaja maneno, ila hayakuwa maneno:
~x}}?~~x?
Mgonjwa alinena kwa mwendo wa elfu tisa na mia sita,
sisi tukamtegea sikio la laki na ushei.
Kosa langu. Nikalisahihisha, uso ukiniwaka.
Herufi zikaanza kushuka moja moja,
kama mtu anayehesabu sarafu na hataki kupunjwa:

*nimeunganishwa, nangoja*

Tukamwendesha gogo la kuwaziwa baada ya gogo la kuwaziwa
hadi saa yake ikafika tisa na dakika arobaini na moja,
na hapo akateleza.
Safari hii hakuanguka. Alidakwa kwapani,
akabaki ameinama hivyo, mguu mmoja hewani.
Tukaingia ndani yake kama mtu anayeingia nyumba
ambamo wote wameganda wakiwa mezani:
kijiko njiani kwenda mdomoni,
chai imeanza kumwagika, haijafika kwenye kitambaa.

Hilkka akauliza kwa herufi ndogo: nani alikuita?
Na huyo, aliitwa na nani?
Na wa kabla yake?
Mgonjwa akajibu kila swali, wala hakulalamika.

Palikuwa na kazi moja ndogo, ya kupima unene wa gogo.
Ilikuwa imehama chumba, imerudisha ufunguo,
kisha ikarudi usiku kufuata kofia yake
ikamkuta mpangaji mpya kitandani.

Tukafungua ukurasa wake.
Juu kabisa, tarehe ya miaka kumi na mmoja iliyopita
na herufi mbili: H.K.

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.
Herufi zilikuwa zilezile.
Kikulacho. Lakini nilifunga mdomo.
"Mwaka ule," akasema, "Onni alikuwa hajajua kulala usiku.
Sikumbuki hata kuiandika."

Akampitisha mgonjwa kando ya kile chumba, kwa leo tu,
akabonyeza herufi moja: endelea.

Kijiko kikafika mdomoni. Chai ikalowesha kitambaa.
Pembeni mwa skrini ikasomeka saa tisa na dakika arobaini na mbili,
na ya ukutani ilikuwa imekwisha pita kumi na nusu.
Nikanyoosha mkono niisahihishe.

"Iache," akasema Hilkka.
Alikuwa bado anazitazama zile herufi mbili.