Ukuta wa Bati

Safu ya kwanza nimeandika: Mchungaji.
Ya pili: amevaa nini.
Ya tatu: anaiba dakika ya ngapi.
Filamu ishirini na tatu, riwaya tisa,
na jedwali langu limeshiba suti nyeupe,
saa za dhahabu, wajane wanaoanguka
mbele ya kamera kama nguo zilizokatikiwa na kamba.

Daktari Shekuwe aliisoma sura ya pili
miwani kaivua, kidole kwenye mstari.
"Mlokole wa vitabuni umemchora ukammaliza.
Sasa niambie, anafanana na nani?
Mimi msikiti wangu uko Kuze, hawa siwajui.
Nakutegemea wewe."
Nikamwambia nitarekebisha tanbihi.

Magongo, Ijumaa, saa tatu usiku.
Kibanda cha video na kanisa
vinachangia ukuta mmoja wa bati
na waya mmoja wa umeme;
bili hugawana, na kila mwezi hugombana.
Nimelipa shilingi ishirini, benchi la nyuma,
daftari pajani.
Kwenye skrini mchungaji anaifungua Biblia,
ndani imetobolewa, imejaa noti.
Kijana wa kutafsiri anadakia kwa sauti ya puani:
"Fumbeni macho tuombe, fumbueni pochi nione!"
Watu hoi. Mimi hoi.
Nikaandika: kicheko, dakika ya arobaini na moja.

Halafu bati likatetemeka mgongoni mwangu.
Upande wa pili wameanza pambio,
na katika sauti zote zile
moja inachelewa nusu pigo,
maana mwenyewe huvuta pumzi pasipovutwa.
Mama.

Katika riwaya zangu tisa mama hayumo.
Yumo mwanamke wa kitambaa cheupe
anayengoja ukurasa wa mwisho ndipo azinduke.
Hayumo abakiaye baada ya ibada kupanga viti vya plastiki,
vile vilivyotiwa rangi ya kucha chini ya kalio
visije vikapotelea matangani.
Hayumo aliyemwogesha Mzee Mwandoe miezi saba,
jirani aliyemtukana yeye na Yesu wake kila asubuhi;
akamkata kucha,
akamtafutia mpira redioni.

Lakini nikiishia hapo
nitakuwa mwongo wa aina nyingine.
Mwaka nilipofika kidato cha tatu
karo yangu aliipanda. Mbegu, alisema.
Elfu kumi na nne ndani ya bahasha.
Mchungaji Zablon akaipokea kwa mikono miwili,
akapiga magoti, akalia machozi ya kweli, nayakumbuka,
na baada ya Pasaka akanunua pikipiki.
Muhula mzima nilikaa barazani nikikaanga viazi karai,
nikiwauzia wenzangu waliovaa sare.
Pikipiki hiyohiyo
ndiyo iliyomkimbiza mama Makadara usiku alipovuja damu,
mvua ile, barabara ile,
na Zablon hakudai hata ya mafuta.
Niitie safu ya ngapi?

Umeme ukakatika.
Kwetu wakapiga miluzi wakidai pesa zao.
Kule hawakukosa hata neno moja,
waliimba gizani kama waliokuwa gizani tangu mwanzo.

Nilimkuta mlangoni, tochi ya simu mdomoni,
anahesabu viti.
"Ulikuwa wapi?"
"Kazini."
"Kazi gani ya kucheka vile? Nilikusikia.
Kicheko chako nakijua hata nyuma ya bati."
Nikamsimulia: Biblia, tundu, noti.
Akacheka mpaka akaushika ukuta,
machozi yakamtoka, tochi ikaanguka.
Kisha akanyamaza.
"Ile karo yako," akasema.
Hakumalizia.
Akanipa viti vinne nibebe,
na yeye akabeba sita.